Véronique na Taa Nyekundu

Véronique anarekodi muziki katika chumba chake hapa Kasongo, na neno analolipenda kuliko yote ni kimya. Alilirithi kwa mjomba wake Célestin, aliyerekodi kanda miaka thelathini kwa kipaza sauti kimoja, akifukuza hata kuku uani. Mjomba alimfundisha pia kupandisha sauti mpaka taa nyekundu iwake, ili muziki ufunike mvumo wa kanda.

Somo hilo la pili lilimwaibisha. Siku ya kwanza kutumia kompyuta alirekodi kwaya ya Nyangwe taa ikiwaka nyekundu mwanzo hadi mwisho, naye anatabasamu. Kumbe kanda huvumilia, kompyuta haivumilii. Sauti inayopita nyekundu hukatwa kichwa ikabaki mikwaruzo, na hakuna namna ya kuirudisha. Kiongozi wa kwaya aliposikiliza, aliuliza ni nani anayekaanga karanga. Tangu hapo Véronique huacha nafasi chini ya nyekundu, na wanaolalamika kwamba rekodi zake zina sauti ya chini huambiwa wapandishe spika.

Alhamisi moja akaja Mama Emilienne kutoka Wamaza, kinanda cha umeme cha parokia kimefungwa nyuma ya pikipiki. Jirani zake Odile na Rachida walimfuata kwa pikipiki ya pili. Jumamosi binti yake Sarah-Grâce alikuwa anaolewa. Emilienne alikuwa amemtungia wimbo, lakini siku hiyo yeye ni mama wa bibi harusi, hawezi kukaa kwenye kinanda. Basi wimbo urekodiwe leo, tena kabla ya saa nane, pikipiki zisije zikakuta giza njiani.

Véronique akachomeka waya kutoka kinandani hadi kompyuta, akawatoa majirani nje, akasema neno lake. Emilienne akajaribu kwa vidole vya woga. Kipimo cha sauti kikakaa kwenye kijani, Véronique akaongeza kidogo, wakaanza. Nje, majirani waliposikia wimbo kutoka spika ya kinanda, wakapiga vigelegele. Emilienne akasahau woga, mikono ikapata nguvu, taa ikawaka nyekundu. Véronique akasimamisha kila kitu na kwenda kuwanyamazisha.

Mara ya pili wimbo ulitoka safi, lakini umepoa kabisa.

"Mwanangu, hii haiko wimbo ya harusi," Emilienne akasema kwa huzuni. "Kwetu watu wanacheza, ndiyo vidole vinaamuka."

Ilikuwa saa saba na nusu. Véronique aliutazama ule waya. Sauti inatoka kinandani, inapita humo, inaingia kwenye kompyuta. Chumbani hamna kipaza sauti hata kimoja kilichowashwa. Amefukuza watu wangapi ambao mashine haiwasikii kabisa? Aliona haya, kisha akacheka peke yake.

Akafungua mlango. "Wamama, muingie. Mupige kelele yote muko nayo."

"Na kimya?" akauliza Rachida.

"Kimya nimeirudishia mujomba." Akamgeukia Emilienne. "Mama, usianze mwanzo. Piga kwanza pale bibi harusi anaingia, na nguvu yako yote."

Emilienne akapiga, majirani wakicheza mpaka meza ikatikisika. Taa ikagusa nyekundu. Véronique akapunguza, akapunguza tena, hadi pale penye nguvu kuliko pote pakaishia kwenye njano, na juu yake nafasi ya kutosha. Ndipo akasema waanze mwanzo.

Ilikuwa vurugu tupu, na Emilienne hakuwahi kupiga vile. Taa ilipanda ikashuka, nyekundu haikuwaka.

Baadaye wakakaa kusikiliza. Wimbo ulikuja safi, wenye moto, bila sauti ya mtu. Ulipofika pale bibi harusi anapoingia, Odile na Rachida walitazamana, wakajaza vigelegele mahali palepale bila kuombwa. Mama Emilienne alikuwa analia na kucheka. Véronique akafungua kinywa amwombe kila mtu kimya, kwa mazoea tu, na kikamtoka kigelegele kirefu, cha kwanza tangu aanze kazi hii.