Kazi Mbili za Benedikta

Benedikta alipokuja kwetu Mawaleh, hapa Muscat, nilimwambia kazi yake ni moja tu: mama yangu. Bi Masouda ana miaka themanini na moja, magoti hayamtii tena, ulimi ungali mkali. Mimi nashinda ofisini Al Khuwair. Paneli za jua zilizoko paani hazikuwamo katika mapatano yetu. Mimi mwenyewe nilizisahau siku ya pili tu baada ya kufungwa.

Yeye hakuzisahau. Kwao ni milimani juu ya Rumonge, Burundi, nchi ndogo isiyogusa bahari popote, na kijijini kwao umeme haujafika. Mama humtania, ati watu wasio na bahari huogea wapi, naye hujibu kwamba wana ziwa, tena maji yake hayana chumvi. Fundi alipokuja kukagua zile paneli, Benedikta alimfuata paani na maswali mpaka yule bwana akachoka. Tangu siku ile akawa anapanda alfajiri, kabla kioo hakijapata moto, anaosha vumbi kwa brashi laini. Jioni husoma namba kwenye kisanduku cha umeme kilichopo ukutani na kuziandika daftarini. Nilidhani anapoteza wakati tu. Siku moja alilihamisha dishi la televisheni kwa kuwa lilitia kivuli paneli ya pembeni, na mama akakosa tamthilia yake siku mbili. Nilimgombeza vizuri. Wiki ilipokwisha alinionyesha daftari: umeme wa paneli ulikuwa umeongezeka. Nikalifunga daftari nikamrudishia, maana mimi si mwepesi wa kukubali kosa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mdogo wake alimtumia tangazo kwenye simu. Karibu na kijiji chao kunajengwa kituo cha umeme wa jua, na wanatafuta wenyeji wa kukiendesha. Akaomba. Mahali palipoulizwa kazi yake ya sasa, akaandika kwamba anatunza mitambo ya umeme wa jua, Muscat. Aliniambia mwenyewe, kwa sababu namba ya mtu wa kuulizwa ilikuwa yangu. Nilicheka, na kilikuwa kicheko kibaya. Nikamwambia hizo ni paneli kumi na mbili na ndoo. Aliniangalia, kisha akaenda kumpa mama dawa zake.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi saba, na kabla yake wanawake wawili walishindwa na mama, mmoja akidumu siku tisa. Benedikta peke yake ndiye anayemjibu, kisha wanacheka wote wawili. Kwa hiyo nikapanga. Wakinipigia, nitasema ni mfanyakazi wa nyumbani, mwaminifu, basi. Hakuna uongo hapo, na ile kazi ingekufa yenyewe.

Walinipigia Alhamisi, nikiwa ndani ya gari nje ya ofisi. Alikuwa bwana mmoja anaitwa Audax, mpole, aliyenieleza kwamba walioomba ni wengi na baadhi wana vyeti. Benedikta hana hata kimoja.

"Nataka kujua jambo moja," akasema. "Huyu mama alifanya kazi ya paneli kweli, ama alikuwa anafagia tu?"

Maneno yale yalikuwa kama yangu ya paneli na ndoo, lakini yaliponifikia kutoka kinywani mwa mtu mwingine yaliniudhi. Nikamwambia anaosha, anapima, anaandika, na akiona kasoro huitafuta mwenyewe kabla ya kuita fundi. Nikamwambia habari ya dishi na ya daftari. Nikamwambia hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo, aliifanya kwa kuipenda, na mimi sikuwahi hata kumshukuru. Akauliza naweza kumwachia lini. Nikasema mwisho wa mwezi, ingawa sikujua nitamwambia nini mama.

Nilimwambia Ijumaa, kwenye chakula cha mchana. Akausukuma wali.

"Basi mie ntabaki na weye," akasema, "na weye hata dawa zangu huzijui."

Alinuna mpaka alasiri. Halafu akamwita Benedikta, akamtaka anifundishe.

Kazi Benedikta aliipata. Kilichobaki ni barua yangu ya kuthibitisha, nami niliiandika kwa moyo wa kutaka kujisafisha: paneli, vipimo, bidii, sifa mstari juu ya mstari. Nikampelekea jikoni nikiwa nimejiridhisha kabisa. Aliisoma mara mbili.

"Dada Lamya, umemsahau bibi."

Nikamweleza kwamba mama nimemwacha makusudi. Kule hawana haja ya kujua kwamba alikuwa mtumishi wa nyumbani, huenda wakamdharau.

"Paneli nilikuwa naziosha saa moja kwa siku," akasema. "Saa zingine zote nilikuwa na bibi. Kazi ile nayo niliifanya vizuri. Iandike."

Hakusema kwa hasira. Niliona haya kuliko siku ile nilipomcheka. Nikavuta kiti, nikakaa palepale mezani, nikaanza barua upya, na mstari wa kwanza nikaandika jina la mama yangu.