Daksha na Foleni ya Sukari

Kwa Kigujarati Daksha alikuwa malkia. Kwa Kiswahili alikuwa mwizi. Hivyo ndivyo alivyogawiwa nafasi jukwaani, na kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza kama anapenda.

Umalkia ulianza mara tu baada ya Uhuru, katika ukumbi wa Wahindu pale Moshi mjini, ambako kila sikukuu jamaa walicheza michezo ya kwao. Daksha alikuwa binti wa fundi cherehani tu, lakini akipanda jukwaani kama malkia na kufungua kinywa, wazee wenye maduka yao walitafuta leso. Kiswahili alikinoa dukani, baada ya kuolewa na Ramnik, muuza vitambaa. Alibishana bei na akina mama walioteremka kutoka Kilema mpaka lafudhi yao ikamwingia. Ukifumba macho ungeapa ni Mchagga.

Hapo dukani ndipo Mwalimu Eliamini alipomkuta. Mwalimu huyu aliongoza kikundi cha maigizo, na siku hiyo alifuata kitambaa cha pazia. Akamsikia Daksha akimsuta mteja, pazia akalisahau.

"Mama Nirmala," alimwambia, maana binti yao alikuwa ameshazaliwa, "njoo uigize na sisi."

"Niwe nani, Mwalimu?"

"Mwenye duka anayeficha sukari."

Loo! Siku zile za Ujamaa kila mchezo ulitaka mnyonyaji, na mnyonyaji akipatikana Mhindi mwenyewe, kikundi kitake nini tena? Daksha alikubali kwa sababu alipenda jukwaa kuliko chakula. Na kazi aliiweza! Alikalia gunia, akalifunika kwa sari kama kuku anayeatamia, halafu akaapa kwa miungu yote kwamba sukari hajaiona tangu Krismasi. Watu walishika mbavu. Wakambatiza Mama Sukari.

Kisha wapiga picha wa serikali wakamtia kwenye sinema ya kuhimiza ushirika. Gari la sinema likapanda nayo mlimani, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na watu wasiofika mjini wakamjua Daksha kwa sura na sauti. Akiomba nafasi nyingine, ya mama au ya nesi, Eliamini alicheka tu. "Wewe? Nani atakuamini?" Umalkia nao ukaisha. Majumba yalipotaifishwa, jamaa wengi walihamia Uingereza, kaka zake wakiwamo, na ukumbi ukabaki na njiwa. Mwigizaji wa lugha mbili akabakiwa na moja, na ndani ya hiyo moja, mwizi.

Ukaingia mwaka wa themanini na tatu, vita dhidi ya walanguzi. Sukari ilikuwa haionekani. Mgambo wakamjia Ramnik dukani.

"Tumeambiwa mkeo anaficha sukari."

"Nani kasema?"

"Watu wamemwona kwa macho yao."

Walimwona, ndiyo. Kwenye shuka! Jamani, hata mkubwa wa mgambo wale alishaitazama sinema hiyo pale Njoro na kupiga makofi. Wakaenda nyumbani, wakapekua uvungu wa kitanda, wakakuta gunia limeandikwa SUKARI. Lilikuwa gunia la mchezo, limejazwa pumba za mpunga. Walizimwaga zote sakafuni, sukari hawakuiona, na bado Ramnik alilazwa rumande kwanza, maelezo baadaye.

Aliporudi hakufoka. Afadhali angefoka.

"Kaka zako wanatuita," alisema. "Mimi nimezaliwa hapa, na majivu ya baba yangu yako hapa. Lakini siwezi kukaa mahali ambapo mke wangu ni mwizi. Wakikucheka tena kama mwizi, Daksha, tunaondoka."

Hakuwa anatishia. Daksha alilia siku hiyo, kwa sababu Moshi ndiko kwao na mji mwingine hakuujua. Kesho yake akapanda kwa Eliamini. Kikundi kilikuwa kinajiandaa kwenda Mkuu, kule Rombo, na mchezo uleule.

"Nitacheza," alimwambia, "ila mwenye duka awe mwenzetu Mektrida. Mimi nitakuwa yule mama anayepanga foleni, anayetafuta sukari ya uji wa mjukuu."

"Mhindi kwenye foleni, Mama Nirmala? Nani ataamini?"

"Kwani mimi sukari naipata wapi, Mwalimu? Si nyuma yako, pale duka la ushirika? Jumamosi ulinikanyaga."

Eliamini akakubali. Kweli alimkanyaga.

Mkuu walikuta uwanja umejaa. Ramnik alikwenda kusimama nyuma kabisa, mikono kaifumbata kifuani. Mektrida akaketi kwenye meza ya duka, waigizaji wakapanga foleni, na wa mwisho akatokea Daksha na kikapu kitupu. Hata hajatamka neno, watu wakaanza.

"Mama Sukari!"

"Leo imekuishia?"

"Mkagueni, kaificha kwenye sari!"

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Daksha alikuwa na maneno ya kusema, akaona yatamezwa. Akasimama kama anavyosimama mtu yeyote kwenye foleni, uzito mguu huu, kisha mguu ule, shingo ndefu kuchungulia kama mbele kumebaki kitu. Walizidi kucheka. Machozi yakamlenga, na hayo hayakuwa ya mchezo.

Ndipo bibi mmoja akainuka safu ya mbele. Miaka ile ukiona foleni unajiunga kwanza, kuuliza baadaye. Bibi akaja polepole, akasimama nyuma ya Daksha.

"Shikamoo, mama," Daksha akamwambia.

"Marahaba. Wanagawa nini?"

"Sukari."

"Eh! Imebaki?"

"Sijui, mama. Na mimi nangoja."

Bibi akachungulia kikapu cha Daksha, akakiona kitupu, akasikitika. "Pole, mwanangu. Basi nishikie nafasi, nikalete kikapu changu."

Akaondoka kweli, akakata uwanja kuelekea nyumbani. Aliyetaka kucheka alipigwa kiwiko na jirani yake.

"Anayefuata!" aliita Mektrida, na aliyefuata sasa alikuwa Daksha. Hakusogea. Eliamini alimpungia mkono pembeni, mchezo umekwama, jamani, sogea!

"Kuna mama nyuma yangu," alisema Daksha. "Nimemshikia nafasi."

Wakamngoja bibi, uwanja mzima, Ramnik naye, mikono kaishusha, na hakuna aliyecheka.