Diski Iliyojaa Harusi

Bosi alisema mbele za watu kwamba kompyuta inachelewa kwa sababu ninanyonyesha. Nimeandika vilevile alivyosema, maana hata leo nikikumbuka damu inanipanda.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, kwenye studio ya video hapa Tabora mjini. Mwanangu alikuwa na miezi saba. Mama yangu yuko Sikonge na tumbaku yake, na baba wa mtoto sitaki kumwandika, kwa hiyo mtoto alishinda kwenye mkeka pembeni ya meza yangu. Bosi alikubali hivyo tangu mwanzo.

Kwa miezi miwili ile diski kubwa, tunayohifadhia kazi zote, ilikuwa imeanza kusumbua. Video iliyozoea kuingia kwa dakika ishirini ikawa inakula nusu siku. Na siku hiyo akina mama watatu wa kwaya kutoka Usoke walikuwa kwenye benchi tangu saa mbili. Jumapili wana uzinduzi wa video ya nyimbo zao, mgeni rasmi kaalikwa, na gari lao linaondoka saa kumi. Video yao ilikuwa imeshakatwa na kuunganishwa. Kilichobaki ni kompyuta kuiandika nzima kwenye diski, nami niwatilie kwenye flashi. Kompyuta ikaandika: zimebaki saa tisa.

"Unaona?" bosi akasema. "Kila nikigeuka mtoto yuko kifuani. Unabonyeza, unasimamisha, unanyonyesha, unasahau. Kuanzia Jumatatu sitaki mtoto humu. Ukishindwa, kaa nyumbani."

Mwenyekiti wa kwaya akatazama chini. Wenzake wakanong'onezana Kinyamwezi, na mimi nakisikia vizuri sana. Walikuwa wananionea huruma. Huruma ikanikera kuliko matusi.

Bosi akamwita fundi. Akaja na miwani ya jua kichwani, akagusa kipanya mara mbili, akatoa hukumu.

"Virusi hivi, bosi. Tupige fomati."

"Ukipiga fomati harusi zote zinaondoka," nikamwambia.

"Sista, wewe lea mtoto. Huku tuachie."

Nilimpa mwanangu ziwa palepale mbele yao, makusudi, na mkono mwingine nikashika kipanya. Nikamwambia bosi anipe hadi saa saba. Nadhani alikubali kwa kuogopa lile neno fomati.

Nikachukua wimbo mmoja tu wa kwaya, nikauandika kwenye diski ndogo ya ndani ya kompyuta, ambayo haina nafasi ya video nzima. Nikapima kwa simu. Dakika moja haikutimia. Wimbo uleule nikauandika kwenye diski kubwa: dakika kumi na nane. Basi kosa halikuwa la mkono wangu wala la programu. Nikabadilisha waya. Vilevile.

"Diski imekufa hiyo," fundi akasema, akiwa amehama virusi bila aibu.

Hapo ndipo nikafikiria kuisoma badala ya kuiandika. Nikavuta kipande cha harusi ya zamani, ya mwaka ule studio ilipofunguliwa. Kikatoka mbio. Nikavuta kipande cha ukubwa uleule cha harusi ya wiki iliyopita. Kikatoka kwa kujikokota, na diski ikawa inakwaruza kama kuku anayechakura. Diski ileile, waya uleule. Diski iliyokufa haichagui mwaka.

Nikaelewa. Na nikakasirika upya.

Bosi ana sheria yake: harusi haifutwi. Kuna siku mama mmoja alikuja kuomba video ya harusi yake baada ya kufiwa na mume, akakuta imefutwa, akakaa chini sakafuni akalia hadi duka zima likafungwa. Tangu siku hiyo, nafasi ikiisha, bosi hutuamuru tufute vidogovidogo: picha za watu kwenye foleni ya pilau, selfi za wapambe, kadi za mialiko. Kimoja hapa, kingine kule. Diski ikabaki imejaa hadi mdomoni, na nafasi iliyobaki ni vishimo maelfu vilivyotawanyika, kila video mpya inakatwakatwa kuvijaza.

"Bosi, una dumu la asali," nikamwambia. "Badala ya ndoo umepewa vichupa vya dawa, na kila kichupa kiko nyumba yake. Utamimina hadi lini? Diski inakimbia nyumba hadi nyumba."

Mwenyekiti wa kwaya akacheka. "Hapo hata mimi nimeelewa."

"Kwa hiyo unataka nifute harusi za watu?" bosi akasema, sauti ikiwa juu.

"Harusi zinabaki. Za zamani zote umehifadhi mara mbili: ile iliyokatwa, na ile mbichi ya kamera ambayo hakuna aliyewahi kuiulizia. Ile mbichi ni faili kubwakubwa, zimekaa pamoja. Tukifuta sita tu, shimo moja kubwa linapatikana."

Bosi alizifungua kwanza zile zilizokatwa, moja moja, kuhakikisha bibi harusi yumo. Sita zote. Saa saba ikapita, saa nane ikagota. Akina mama wakawa wameshafunga vitenge vya safari. Nilijua nikifuta vibaya, kazi imeisha na aibu juu. Alipoitikia kwa kichwa, nikafuta, nikaanza upya kuandika.

Zimebaki dakika ishirini na mbili, kompyuta ikasema. Na kweli hazikuzidi.

Fundi alishaondoka bila kuaga. Nikaitia video kwenye flashi lakini sikuitoa mkononi.

"Bosi, uliniambia mimi na mwanangu ndio tatizo, na hawa mama zangu wamesikia. Nataka wasikie na hili."

Mwenyekiti akasema taratibu, "Baba, sema tuwahi gari."

"Haya. Dada hana kosa. Ni diski."

"Si diski. Ni sheria yako ya kufuta."

Akanikazia macho. Nami nikamkazia, mtoto begani.

"Ni sheria yangu," akasema.

Nikampa mwenyekiti flashi yake kwa mikono miwili. Jumatatu nilifika saa mbili kasoro, nikatandika mkeka, nikamlaza mwanangu. Bosi akaupita mkeka kwa pembeni, akaenda mezani kwake. Kuomba radhi hajaniomba mpaka leo.