Kura ya Mdogo Wangu Bukavu

Wivu ndio ulionitoa Ntoto, kijiji chetu cha Walikale. Mdogo wangu Batumike alituma neno kwamba Bukavu wazungu wameruhusu watu weusi wachague wakubwa wa mitaa yao, naye yumo kati ya watakaochagua. Sisi wa vilimani hatukuulizwa kitu. Mimi niliyemfundisha kushika jembe nibaki kuamriwa tu, na yeye aulizwe anamtaka nani? Nilimwambia mke wangu kwamba naenda kumsalimia. Akanifungia mihogo, akasema, "Umusalimie kweli."

Ngungu nilifika jioni ya pili, magoti yamejaa tope. Nililala kwa Mama Veneranda, mjane mfugaji anayenunua mihogo yetu. Alinipa maziwa.

"Unaenda kutafuta kazi?"

"Hapana, mama. Naenda kuona namna watu wanachagua."

"Na weye utachagua?"

"Miye niko mutu wa kijiji."

Aliniongezea maziwa, kama unavyomfanyia mtu aliyefiwa.

Asubuhi nilishuka kwa miguu hadi Shasha, penye barabara, nikapanda lori la maharage. Vijana wawili wa Bukavu walibishana njia nzima juu ya watakaochaguliwa, nani ana akili na nani ana mdomo tu. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Bukavu, Batumike alinipokea kwa furaha katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: huku yeye na mkewe, huku watoto watatu. Macho yangu hayakuona ufinyu ule. Yaliona viatu vyake vyeusi chini ya kitanda, nikatamani visimtoshe.

Waliosimama kuchaguliwa mtaani kwake walikuwa wawili. Papa Fidèle alikuwa karani wa duka, na ndiye mwenye nyumba zile zote za kupanga. Papa Mwira alikuwa mwashi, mtu wa kwetu Walikale. Mgeni akifika bila kazi, alikula kwa Mwira. Mtu akifa, Mwira alitafuta mbao za jeneza. Batumike mwenyewe alilala kwake mpaka alipopata kazi.

"Bila yule papa," aliniambia, "ningerudi kijijini na njaa."

Siku ya kuchagua ilipofika, nilisimama nje ya uzio nikimtazama kwenye mstari na viatu vyake. Asiyejua kuandika alimtajia jina mwandishi wa kura mezani. Batumike hajui kuandika. Nyuma yake, karibu kabisa, alisimama shemeji ya Papa Fidèle.

Alipotoka hakunitazama. Tulitembea mpaka kwenye bomba la maji ndipo nikamuuliza.

"Ulitaja nani?"

"Fidèle."

Nilihisi kama ameniibia. "Umepewa kinywa, na umekitumia hivyo? Ningekuwa miye..."

"Yaya, weye uko na nyumba yako," alisema polepole, kwani ndivyo anavyoniita mimi kaka yake tangu utoto. "Hata mvua ikinyesha ndani, iko yako. Miye, Fidèle akikasirika leo, kesho batoto balale wapi?"

Nilimwacha hapo bombani, nikatangulia.

Matokeo yalitushangaza. Wa upande wa juu wa mtaa, wenye nyumba zao za matofali, walimpa mwashi Mwira kura zao bila hofu. Upande wetu wa wapangaji, watu aliowalisha na kuwazikia wafu wao, ukampa Fidèle. Papa Mwira alipita asubuhi akitusalimia kwa majina, mmoja mmoja, na Batumike aliingia ndani kabla ya kufikiwa.

Njia ya kurudi niliipanda peke yangu. Nilijisemea kwamba kura ikifika kwetu, nitaonyesha mwanaume anavyochagua.

Ilifika. Nilimkataa mtu wa mwami, mtawala wetu wa ardhi, nikalitaja jina la mwingine kwa sauti, wote wasikie. Kabla ya kupanda maharage, shamba langu la bondeni akapewa jirani. Nilikuwa nimesahau kwamba bondeni kote ni kwa mwami. Sisi hulima tu kwa kuachiwa.

Nimejifunza kwamba mjini na kijijini, maskini huchagua mbele ya macho ya anayempa pa kulala au pa kulima. Nimejifunza na jambo jingine juu yangu mwenyewe, ambalo sikulipenda. Batumike alipopata habari, alimtuma dereva wa lori aniambie: "Yaya amefanya nilichoshindwa. Namuonea wivu." Mke wangu alilia aliposikia. Mimi nilimwomba dereva arudie tena maneno yale.