Fundi Asiyekunywa Pombe na Ini Lililojaa Mafuta

Saa tatu asubuhi, kwenye baraza la duka la vitambaa karibu na soko la Kamembe, magharibi mwa Rwanda, Nzigire anaweka chupa ya soda kando ya cherehani ya Mudathiru Kayitare. Amekuja kuchukua nguo zake. Anaifungua chupa mbele ya fundi, kifuniko kinaanguka sakafuni, naye anangoja.

Mudathiru hanywi. Anaendelea kukunja vitenge.

"Papa Mudathiru, kunywa sucré yako, itapata moto," anasema Nzigire, mfanyabiashara anayevuka mpaka kutoka Bukavu, upande wa Kongo, karibu kila siku.

"Aksanti, Maman. Sinywake tena."

"Tangu lini? Ao unafikiri nimetia kitu ndani? Nimefungulia mbele ya macho yako."

"Haiko wewe. Ni ini yangu. Imejaa mafuta."

Nzigire anamwangalia kuanzia kofia hadi viatu. "Ini? Na vile unaendaka muskiti kila siku? Basi siye benye tunakunywaka bière, batuzike leo."

Wanawake wa duka la jirani wanacheka. Mudathiru hacheki. Anampa nguo zake. Nzigire anazichukua, anachukua na chupa yake, anaondoka kuelekea mpakani.

Kwa mgeni hilo ni jambo dogo. Hapa si dogo. Mteja wa Kamembe akiridhika na nguo humnunulia fundi kinywaji, na chupa hufunguliwa mbele ya anayepewa ili aone kwamba haina sumu. Kuikataa ni kama kumwambia aliyeileta kuwa ni mchawi. Ukitaka kukataa bila kumtukana, lazima utoe sababu. Na sababu ya Mudathiru ni ini, kiungo ambacho watu wengi hapa wanakihusisha na jambo moja tu: ulevi.

Mudathiru ana miaka 49. Ni Mwislamu na hajawahi kuonja pombe. Ana soriasisi kwa mwaka wa kumi na tisa sasa: mabaka yenye magamba meupe kwenye viwiko, magoti, mgongo na mikono. Ugonjwa huu hauambukizi. Sokoni hawaamini.

"Nikishika muntu mabega ju ya kumupima, anajikunja," anasema. "Siku moja maman mumoja alinawa mikono mbele yangu, na mimi niko namuangalia. Tangu pale naambia batu: lete nguo yenye inakutosha, nitapima ile."

Ndivyo anavyofanya kazi mpaka leo. Hamgusi mtu. Analaza shati la zamani juu ya meza, anapima shati. Siku nzuri anabaki na faranga elfu tano. Saa kumi kwa siku yuko kwenye kiti, na kwa miaka mingi kila nguo iliyotoka ilileta chupa.

Mwaka jana magamba yalipanda hadi kichwani. Mafuta ya kupaka hayakusaidia tena, akaenda kituo cha afya kuomba dawa yenye nguvu. Alipokewa na muuguzi Védastine Nyiramahoro.

Védastine hakuanza na ngozi. Aliomba futi iliyoning'inia shingoni mwa fundi, akamzungushia kiunoni. Sentimita 113. Akampima uzito na sukari, kisha akamtuma hospitali kupimwa damu na kufanyiwa ekografi, ile picha ya tumbo.

"Alikasirika," anakumbuka Védastine. "Akaniambia: Maman, nimekuletea ngozi, wewe unatafuta tumbo?"

Muuguzi alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, baadhi ya dawa kali za soriasisi zinaweza kulielemea ini, kwa hiyo lazima hali yake ijulikane kabla mgonjwa hajaanza kuzimeza. Ya pili ni ugonjwa wenyewe.

"Soriasisi haiishiake ku ngozi," anasema. "Moto yenye inachoma ngozi iko mu mwili muzima. Benye iko nayo banapataka mafuta mu ini mara mingi kupita bantu bengine, zaidi kama kiuno ni kinene ao sukari iko juu. Na ini haisemake. Siku itasema, mara mingi tumechelewa."

Majibu yalirudi: ini limejaa mafuta, lakini dalili za makovu hazijaonekana. Kwa daktari aliyeyasoma, hiyo ilikuwa habari nzuri. Likigunduliwa hapo, ini linaweza kupona mtu akipunguza uzito na kubadili anachokula na kunywa. Likiachwa, kwa baadhi ya watu hupata makovu, na mwishowe hushindwa kazi.

Mudathiru hakuyasikia hayo. Aliulizwa swali ambalo kila mgonjwa wa ini huulizwa, kwamba anakunywa pombe kiasi gani, na masikio yake yakaziba hapo. Aliikunja karatasi, akaiweka kwenye droo ya nyuzi. Hakurudi kituoni kwa miezi mitano.

"Niliogopa ju ya jina yangu," anasema. "Mali sina. Niko na jina. Bakisema Mudathiru anakunywaka kwa siri, nitabakia na nini?"

Karatasi ilionwa na mkewe, Gasaro, siku aliyokuwa akitafuta sindano. Kifaransa chake si kingi, lakini neno la ini analijua.

"Nililia siku mbili," anasema Gasaro. "Ya tatu nikamuuliza: unakunywiaka wapi? Akaapa. Nikamwambia, kiapo yako twende tuipeleke kwa Védastine."

Walikwenda pamoja. Védastine hakumtetea wala hakumshtaki. Alimwomba ataje kila kitu anachokunywa kuanzia asubuhi.

Fundi akahesabu kwa vidole. Soda ya mteja wa kwanza. Soda na sambusa saa nne. Mbili mchana. Moja wakati wa kufunga. Jumamosi, siku ya kuchukua nguo za harusi, saba au nane.

"Nilikuwa nahesabu pamoja naye," anakumbuka Gasaro. "Ingine mimi njo nilikuwa namununulia."

Mudathiru anasema aliona aibu kuliko siku ya majibu. "Nilikuwa najisifu. Bengine bachukue bière, mimi muntu wa dini nichukue sucré. Nilizania ni kinywaji ya heshima."

Sukari, kiti, tumbo na soriasisi vilikuwa vikifanya kazi pamoja. Ni kipi kilianza, Védastine anasema hakuna anayeweza kumwambia.

Hiyo ni miezi minane iliyopita. Sasa kila jioni Mudathiru anateremka kwa miguu hadi Cyangugu mpakani na kupanda tena mlima, huku madereva wa pikipiki wakimpigia honi na kumwuliza kama amefilisika. Kutoka kilo 96 amefika 88. Vipimo vya damu vya mwisho vilikuwa bora. Mabaka bado yapo, ingawa daktari amekubali kumwanzishia dawa mpya huku ini likifuatiliwa.

Mafanikio haya ameyapata kwa gharama. Mwanzoni alikataa chupa bila kueleza. Cubaka, mfanyabiashara wa Bukavu aliyeshonesha suruali zake hapa miaka kumi na miwili, aliondoka siku hiyo hiyo na kutangaza sokoni kwamba Mudathiru amemwita mlozi. Hajarudi. Tangu hapo fundi hutaja ini lake, wacheke wasicheke.

Lakini kuna chupa moja inayomngoja. Jumapili ya wiki tatu zijazo, wakwe watakuja kumposa binti yake, Shimwa. Wataleta makreti ya soda, na chupa ya kwanza itafunguliwa mbele ya baba wa binti. Akinywa, amekubali. Watu mia na zaidi watakuwa wanamtazama.

Nyumbani jambo hilo halijaisha.

"Siku ile ni ya mtoto," anasema Gasaro. "Haiko siku ya ini."

"Nikiweka chupa chini bila kusema, batazania nimekataa bwana yake."

"Basi kunywa."

"Na yenye itafuata nyuma yake? Na ya mjomba yake? Na ya shangazi yake?"

Shimwa, mwenye miaka 23, anakata mboga mlangoni bila kuinua kichwa. "Papa aseme. Kama bakwe batakimbia ju ya ini, bakimbie mbele ya harusi, haiko nyuma."

Gasaro anaguna. Hakubali.

Védastine ameruhusu funda moja la soda. Mudathiru amepanga kulinywa kwa heshima ya wakwe, kuweka chupa chini, kisha kusimama na kusema kwamba ana soriasisi, ini lake lina mafuta, na pombe haijawahi kugusa midomo yake.

Anasema kulilinda jina lake peke yake kusingemsimamisha mbele ya watu wote hao. Miongoni mwa wageni waliomletea nguo za kushona kwa ajili ya siku hiyo kuna wanaume wawili ambao hataki kuwataja. Wote wawili waliomba mikono mirefu yenye vifungo, na mmoja anatoka Muganza, ambako joto halimwachi mtu avae hivyo kwa kupenda. Alipogeuza mashati yao ya zamani ili ayapime, aliona ndani ya mikono magamba meupe na matone madogo ya damu iliyokauka.

"Nilibakisha yale mashati juu ya meza, nikashindwa kushona," anasema. "Bale batu banafichaka ngozi. Ya ndani hata habaijue."

Hakuwauliza. Anajua angejibu nini kama angeulizwa yeye.

"Sitataja jina ya muntu. Nitasema yangu tu, kwa sauti yenye inafika nyuma kabisa. Kesho yake ni Jumatatu. Védastine anafunguaka kituo saa moja."