Kilo Sitini na Mbili Juu ya Pini

Nina ugonjwa mmoja ambao wenzangu wa gereji wameshauchoka: siingii penye mlango bila kupiga hodi. Iwe kontena la vipuri au karavani iliyokaa tupu mwezi mzima, nitagonga mara mbili, niseme "Hodi", nisubiri kidogo, ndipo niingie. Bibi yangu kule Kilosa alinichapa kwa jambo hilo mpaka likaingia kwenye damu. Mwenzangu Mkenya, fundi wa kuchomelea, alikuwa hachoki kunitania. "Buda, unapigia gari hodi? Sasa likikujibu utafanya nini?"

Tulikuwa tunacheka wote. Siku hizi hanitanii tena kwa hilo.

Gereji yetu iko Industrial Area. Kuanzia mwezi wa kumi, joto linapolegea na watu wa Doha wanapoanza kuhamia jangwani na mahema yao, kazi yangu ni kuoanisha pikapu na tela za kulala. Zile kubwa hazifungwi nyuma kwenye bampa. Zina shingo inayopanda juu ya bodi la pikapu, na chini ya shingo kuna pini nene ya chuma inayokaa kwenye sahani juu ya ekseli ya nyuma. Ndani ya shingo ndimo kilimo chumba cha kulala, kwa hiyo kila kilo inayowekwa kitandani inatua moja kwa moja mgongoni mwa pikapu. Ikizidi, pua ya gari hunyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, na upepo wa jangwani unafanya unavyotaka. Niliwahi kuona moja iliyopinduka, na viatu vya watoto vimetawanyika mchangani. Sitaki kuona ya pili, hasa yenye sahihi yangu.

Kabla ya kuja huku nilifanya kazi miaka sita kwenye mizani ya malori, barabara kuu. Niliondoka kwa ugomvi, kwa sababu nilikataa kubadilisha namba. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nakiri, na hakuna kinachonipandisha kama mtu kuniambia "andika tu".

Mwenye tela ninayoisimulia alikuwa baba wa makamo, mpole, ambaye hakuja gereji bila vikombe viwili vya karaki, ile chai yao nzito ya maziwa, kimoja changu. Alikuwa amenunua pikapu mpya na tela kuukuu, na alitaka kumpeleka mama yake mzazi akalale jangwani pamoja na mkewe na watoto wawili. Nilipiga hesabu mbele yake. Nikitoa uzito wa sahani na wa watu wote watano, pikapu ilibakiwa na nafasi ya kilo mia tisa na kumi za pini. Tukapima tela ikiwa na magodoro na vyombo vyote: mia nane na themanini. Akafurahi kama mtoto. Akairudisha nyumbani kwake isafishwe wakati tunasubiri sahani ifike.

Jumapili asubuhi ikarudi, imevutwa na lori la kukodi. Nikaipima tena kwa mazoea tu. Mia tisa na arobaini na mbili.

Nilidhani mizani imeharibika. Nikapima kitu ninachokijua uzito wake, ikasema kweli. Nikagonga tangi la maji, tupu. Nikapiga hodi, nikaingia. Sakafu ilikuwa safi, mapazia yamefungwa, kitanda cha shingoni kimetandikwa bila mkunjo. Hakuna kilichoongezwa. Ila kwenye sinki kulikuwa na kikombe kimoja, na ndani yake tone la maji, wakati bomba la tela hiyo lilikuwa kavu. Nikampigia mwenyewe simu. Akaapa hajaongeza hata kijiko.

Jumatatu nikapima tena: mia tisa thelathini na tisa. Jumanne asubuhi: mia tisa thelathini na tano.

Hapo nywele zikanisimama. Kitu kuwa kizito nitakielewa. Kitu kilichofungwa, kisichoguswa na mtu, kinachopungua kilo tatu au nne kila siku, hicho sikuwahi kukiona hata kwenye mizani ya nyumbani. Nikamwambia Mkenya. Akaacha kuchomelea, akavua miwani yake, akaitazama ile tela. "Maze, hiyo kitu ina mtu wake," akasema. Nikamwambia aache upuuzi. Lakini niliogopa, na nilikasirika kwa sababu naogopa saa nne asubuhi, jua likiwa kali namna ile.

Mchana wa saa sita wote walikwenda kupumzika upande wa pili, kwenye feni. Yadi ikawa kimya, hata kunguru hakuna. Nikapanda ngazi ya tela. Nikagonga mara mbili.

"Hodi."

"Karibu," sauti ya mwanamke ikajibu kutoka shingoni.

Nilikuwa maelfu ya kilomita kutoka kwa mtu yeyote ambaye angeweza kunikaribisha kwa Kiswahili ndani ya tela ya Mwarabu. Nikasoma kila nilichofundishwa madrasa. Kisha nikasikia mtu anavuta pumzi kwa nguvu, kama aliyejiziba mdomo kwa kuchelewa, na nikajua hilo si jini. Jini halijutii kujibu.

"Dada," nikasema, "mimi ni fundi. Nipo peke yangu."

Kitanda kikanyanyuka. Chini yake kuna sanduku la kuwekea mablanketi, na humo akainuka binti wa Kikenya, midomo imepasuka, macho yameingia ndani, amekumbatia dumu la maji lililokuwa limebaki tone. Alikuwa anajilaumu. "Kaka, imenitoka tu. Nilikuwa nimesinzia, umesema hodi, nikajibu. Mimi mjinga kweli."

Alikuwa kadama, yaani mfanyakazi wa ndani, kwa yule yule bwana wa chai ya karaki. Mama yake alikuwa amefariki kwao. Aliomba ruhusa akamzike, akaambiwa asubiri msimu wa kambi uishe, kwa sababu nani angempikia bibi wa watoto kule jangwani. Pasipoti ilikuwa kabatini, na ufunguo ulikuwa kwa madamu. Jumamosi alipewa kazi ya kuosha tela. Akaiosha, akatandika kitanda, akaingia chini yake, na lori likamtoa getini. Alidhani ataruka popote litakaposimama, lakini aliposikia sauti za wanaume pande zote akaganda. Walishamzika mama yake siku ile ya Jumapili, wakati mimi naisuta mizani.

Nilimletea maji, wali na mchuzi. Mkenya alipoambiwa alitoa machozi hadharani, halafu akanitisha kwamba nikifungua mdomo kwa yeyote atanichomelea ulimi. Wiki yetu ya kazi ilikuwa bado haijaisha, kwa hiyo tulipanga kumtoa Ijumaa, siku ambayo gereji hufungwa na mlinzi wa getini, Mganda, hukaa peke yake.

Lakini kesho yake, Jumatano, mwenye tela akatokea na pikapu yake, vikombe viwili mkononi. Alitaka kuondoka jioni ile. Akaniambia kwa unyonge kwamba kadama wao ametoroka, kwamba amearifu polisi, na kwamba mama yake mzee analia, alimzoea binti yule. Nikameza chai yake. Ilikuwa tamu kama siku zote.

"Pima, sadiki, rafiki yangu, uniandikie," akasema.

Binti alikuwa hatua nne kutoka kwetu, juu ya vichwa vyetu, chini ya godoro. Nikateremsha pini kwenye mizani. Namba ikapanda polepole, ikasimama: mia tisa na arobaini na moja. Alikuwa amekula na kunywa.

Nikamwonyesha. "Imezidi kilo thelathini na moja. Siwezi kusaini."

"Andika tu, siku nyingine tutaangalia."

Neno lile lile. Hasira ikanipanda, na siku hiyo niliishukuru. Nikamwambia kwamba mama yake mwenyewe ndiye atakayekaa kiti cha nyuma gari likipinduka, na mimi siandiki uongo. Kisha akasema basi ataingia mwenyewe apunguze vitu, akaweka mguu kwenye ngazi. Tela nzima ikatikisika, na juu kule nikasikia ubao ukilia, mlio mdogo wa mtu anayebana pumzi. Naye akasikia. Akageuza uso juu.

"Shuka!" nikapiga kelele, ambazo sijawahi kumpigia mteja. "Ipo juu ya jeki! Ikiteleza itakuua!"

Hiyo nayo ilikuwa kweli. Akashuka, akafuta jasho, akabaki ameitazama ile shingo kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Mwisho akasema atairudia Jumapili, nimtafutie kinachozidi. Hakumalizia chai yake.

Ijumaa, watu wakiwa msikitini, teksi ya ndugu yake Mganda wa getini ikamchukua binti kwenda ubalozi wao. Nilimpa karatasi ya mizani, nyuma yake nimeandika namba yangu ya simu. Hatukuulizana majina, tuliona ni salama zaidi hivyo. Alivyokuwa anashuka ngazi aliikunja ile karatasi, akaificha kifuani, akaingia kwenye gari.

Jumapili nikapima: mia nane na themanini kamili. Nikasaini. Bwana akauliza nimetoa nini. Nikamjibu sikutoa kitu, kimeondoka chenyewe. Akafunga mlango wa tela bila kuchungulia ndani, akaondoka taratibu, na pikapu ilikaa sawa kabisa barabarani.

Nilijua tu kwamba alifika kwenye geti la ubalozi. Zaidi ya hapo sikujua. Wiki tatu kila niliposema hodi kwenye tela ya mtu nilisubiri kuliko zamani, na ule ukimya uliniumiza.

Siku moja mchana nilikuwa nimelala chali ndani ya sanduku la kitanda cha tela nyingine, nakaza bolti, mikono yote grisi, simu ikaita kifuani. Nikaibonyeza kwa kidevu bila kuangalia namba. Kulikuwa na sauti za kuku, na mtoto analia mbali. Kisha ile sauti, karibu na sikio langu humo gizani:

"Hodi."

"Karibu!" nikajibu kwa nguvu, kabla sijawaza lolote, na nje nikasikia Mkenya akiangusha nyundo.