Ukurasa wa Chuo Uliovurugika

Siku hiyo tulikuwa watano hapa kwangu Bagara: mimi, mwanangu wa tatu, mumewe, yaani mkwe wangu, binti yao ambaye ni mjukuu wangu, na jirani aliyehamia kutoka Bonga, tunayesali naye. Majina yao ninayo yote, hata ya wazazi wao waliotangulia, ila wamenikataza kuyaandika.

Mjukuu alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Ilimpasa athibitishe kwenye ukurasa wa chuo mtandaoni kabla siku ile haijaisha, la sivyo nafasi angepewa mwingine. Asubuhi simu yake ikajisasisha yenyewe. Vijana wanasema apdeti. Tangu hapo ukurasa ukavurugika. Maneno yamepandana kama mbuzi mlangoni pa zizi, picha zimegeuka viboksi vitupu, na pale pa kubonyeza hapaonekani.

Basi kila mtu akawa fundi. Mwanangu akasema izimwe, iwashwe. Ikazimwa, ikawashwa, viboksi vilevile. Mkwe akasema mtandao ni mdogo, twende nyuma ya nyumba. Tukaenda nyuma ya nyumba, mimi na mgongo huu. Viboksi. Wakafuta kumbukumbu za kivinjari, kumbe wamefuta na neno la siri, likatafutwa mpaka chai ikapoa.

Jirani akaingia. Heshima ni heshima, tukasalimiana mpaka habari za ng'ombe zikaisha, ndipo akaombwa simu. Kwake ukurasa ulikuja umenyooka. Lakini mjukuu hajamaliza kuingiza namba zake, chaji ikakata, na umeme siku hiyo haukuwepo.

Mjukuu akamgeukia baba yake. Akamkumbusha kwamba simu zote za nyumba hii ni yeye aliyeziwekea ile programu ya kubana bando la intaneti, zisile sana. Akamwuliza kama si hiyo inayozuia ukurasa kuja mzima, maana huenda baada ya apdeti imezidi ukali.

"Mimi nabana bando," mkwe akasema. "Sibani herufi."

"Baba, naomba niizime kidogo tu. Nikikosa chuo nitakaa hapa mwaka mzima nikila bando lako."

Ruhusa haikutoka, na mtoto hawezi kubonyeza baba hajaruhusu. Mimi na mkwe wangu tunaheshimiana. Tangu amwoe mwanangu sijawahi kumpinga mbele ya watu. Mchana kutwa nilikuwa nameza maneno, na jua ndilo hilo linashuka. Nikawatazama kuku, yeye sikumtazama.

"Mjukuu wangu, izime. Mtu akikuuliza, sema bibi kanituma."

Akaizima, akafungua upya. Ukurasa ukajipanga taratibu, na kitufe cha kijani kikatokea chini. Mama yake akataka tuombe kwanza. Nikasema abonyeze kwanza, Mungu atatusubiri. Akabonyeza, likaja neno kwamba nafasi yake imethibitishwa. Alilia yule mtoto, na mama yake naye.

Mkwe akaipokea simu, akarudisha kubana kwake palepale.

Mwanangu anadai kwamba kabla ya kurudisha huko kubana, mumewe alisema hongera. Mimi sikuisikia, nilikuwa nimechoka na hasira zilikuwa hazijanitoka. Ninyi mliokuwepo, mkiona hapa nimemdhulumu mkwe wangu, niambieni, niiandike hiyo hongera yake.